Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya sheria na urithi wa ukombozi, kuhusu waziri aliyefunga watu kwa kalamu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria. Kwa Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania. Kwa wasimamizi wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika. Na kwa Taasisi ya Elimu Tanzania.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, nawaandikia kuhusu marehemu Desmond Lardner-Burke, aliyekuwa Waziri wa Haki na wa Sheria na Utulivu katika serikali ya walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, tangu mwaka 1964 hadi 1976. Mtashangaa kwa nini mwalimu wa historia wa Iringa anawasumbua kwa habari za waziri wa serikali iliyokwisha zamani, tena ya nchi nyingine. Sababu ninayo, na nitaieleza yote hapa.

Mwanafunzi wetu wa sekondari anamjua Ian Smith. Anajua kwamba tarehe 11 Novemba 1965 Smith alijitangazia uhuru bila ridhaa ya Uingereza ili walowezi, ambao hawakufika robo milioni, waendelee kuwatawala Waafrika zaidi ya milioni 4. Anajua Chimurenga, yaani vita vya ukombozi vya Zimbabwe, anajua kwamba Tanzania ilitoa makambi, na hapa mkoani kwetu anajua kambi ya Mgagao. Ila ukimuuliza watu wa Zimbabwe walifungwa kwa hati ya nani, hana jibu. Simlaumu, kwa sababu hatukumfundisha. Tumemwonyesha bunduki ya mlowezi na hatujamwonyesha meza yake.

Meza hiyo aliikalia Lardner-Burke kwa miaka 12. Alizaliwa Kimberley, Afrika Kusini, akasomea sheria, akawa wakili katika mji wa Gwelo, ambao leo ni Gweru. Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa wakili wa mji mdogo aliyeingia siasa za walowezi, na chama cha Rhodesian Front kiliposhinda uchaguzi wa Desemba 1962, wakati wake ulikuwa umefika. Smith alishika uwaziri mkuu Aprili 1964. Mwaka huohuo Lardner-Burke akakabidhiwa wizara yenye polisi, magereza, mahakama na hati za kizuizini kwa pamoja. Tarehe 26 Agosti 1964 vyama vya Waafrika vilipigwa marufuku, na gazeti la African Daily News, lililosomwa na Waafrika wengi kuliko jingine lolote nchini humo, likafungwa siku hiyohiyo.

Sheria aliyoitumia kwa sehemu kubwa hakuitunga yeye, na naomba mlishike hilo, Waheshimiwa. Sheria ya Kudumisha Utulivu ilipitishwa mwaka 1960, kabla chama chake hakijashika madaraka, na serikali iliyojiita ya wastani. Ilikuwa kali kiasi kwamba Jaji Mkuu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, Sir Robert Tredgold, Mzungu mzaliwa wa huko na mtu wa heshima kubwa miongoni mwa walowezi, alijiuzulu kwa kuipinga. Aliona itakavyotumika. Waliobaki ofisini wakasema ni ya muda tu, na itakuwa mikononi mwa watu wema. Miaka 4 baadaye ikawa mikononi mwa Lardner-Burke.

Tarehe 5 Novemba 1965, siku 6 kabla ya kujitangazia uhuru, Gavana Sir Humphrey Gibbs alitia saini tangazo la hali ya hatari. Kwa tangazo hilo waziri aliweza kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Serikali ya Smith ilipoasi, Gavana huyohuyo, kwa amri ya London, aliwafukuza kazi mawaziri wote. Hawakujali. Walimkatia simu, wakampokonya magari, wakaendelea kuitumia hali ya hatari aliyoisaini yeye. Magazeti ya Salisbury, mji mkuu ambao leo ni Harare, yakaanza kutoka na nafasi nyeupe pale habari zilipofyekwa na wakaguzi wa serikali. Waziri Mkuu wa zamani, Garfield Todd, ambaye alikuwa Mzungu kama wao, alikwisha kuamriwa mwezi mmoja nyuma asitoke katika shamba lake mwaka mzima, kwa kuwa alikuwa akijiandaa kwenda kuzungumza Edinburgh.

Waafrika hawakuwekewa kizuizi mashambani kwao. Walipelekwa Gonakudzingwa, pori la joto mpakani na Msumbiji. Wengine Wha Wha karibu na Gwelo, wengine Sikombela. Joshua Nkomo, kiongozi wa chama cha ZAPU, aliingia kizuizini 1964, akatoka Desemba 1974. Robert Mugabe, wa chama cha ZANU na baadaye mtawala wa Zimbabwe huru, alikaa muda kama huo. Mwaka 1966 mtoto wake pekee wa wakati huo alifariki Ghana akiwa mdogo, baba akaomba ruhusa ya kwenda kuzika, akakataliwa. Yeyote atakavyomhukumu Mugabe kwa yaliyofuata, na mimi namhukumu kwa mengi, mtu aliyefungwa bila hukumu na kunyimwa kumzika mwanawe ametendewa ubaya ambao hauna neno la kuupunguza.

Sasa naomba niwasimulie kesi moja kwa kirefu, maana humo ndimo ilimo sababu ya barua hii.

Daniel Madzimbamuto alikuwa mmoja wa waliozuiliwa kwa hati ya Novemba 1965. Hali ya hatari iliyosainiwa na Gavana ilikuwa ya miezi 3, ikaisha mwanzoni mwa Februari 1966. Bunge la waasi likaiongezea muda, na Lardner-Burke akaendelea kumshikilia. Mkewe, Stella, muuguzi, akaenda mahakamani kumshitaki waziri. Hoja yake ilieleweka hata na mtoto: bunge lenyewe ni haramu, basi limepata wapi uwezo wa kuendeleza hali ya hatari, na mume wangu yuko ndani kwa sheria ya nani? Mbele ya majaji wa Salisbury, waliovaa majoho yale yale na kula viapo vile vile kwa Malkia, swali la muuguzi huyu likawa mzigo usiobebeka.

Mwaka 1966 Mahakama Kuu ilisema kwamba katiba ya Smith si halali, lakini serikali yake ndiyo pekee inayofanya kazi, kwa hiyo kwa ajili ya utulivu baadhi ya amri zake zitambuliwe. Januari 1968 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Sir Hugh Beadle ikakubaliana na matokeo hayo. Stella hakuchoka. Alikata rufaa London, kwenye kamati ya mahakama ya Baraza la Malkia, iliyokuwa ngazi ya mwisho kwa makoloni. Wakili wake alikuwa Sydney Kentridge wa Afrika Kusini. Upande wa waziri haukutokea kabisa. Tarehe 23 Julai 1968, kwa kura 4 dhidi ya 1, London ikaamua kwamba amri za wanyang'anyi wa madaraka ni batili, na kwamba Daniel Madzimbamuto amezuiliwa kinyume cha sheria.

Hakufunguliwa. Serikali ya Smith ilitangaza kwamba mahakama hiyo haina mamlaka kwake, na Septemba mwaka huo mahakama ya Salisbury ikaitambua serikali hiyo kuwa halali moja kwa moja. Majaji wawili, John Fieldsend na Dendy Young, walijiuzulu mwaka huo kuliko kuendelea kukaa kwenye viti vile. Fieldsend alirudi 1980 kuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Zimbabwe huru. Wengine walibaki na mishahara yao.

Jina la kesi hiyo ni Madzimbamuto dhidi ya Lardner-Burke, na wanafunzi wa sheria duniani kote wanaisoma. Kwa Kiswahili mwanafunzi hana mahali pa kuisoma. Na ndani yake tumo sisi, Waafrika Mashariki. Majaji walipokuwa wakitafuta mifano ya mahakama zilizoukubali utawala ulioingia kwa kuivunja katiba, waliipata Kampala. Mwaka 1966 Milton Obote aliifuta katiba ya Uganda, na Michael Matovu, mkuu wa saza (wilaya) la Buddu huko Buganda, akawekwa kizuizini chini ya kanuni za hali ya hatari. Mahakama Kuu ya Uganda ikasema mapinduzi yamefaulu, basi katiba mpya ni halali. Hukumu ya nchi huru ya Kiafrika ikawa miongoni mwa silaha zilizookotwa na watetezi wa serikali ya walowezi. London iliitofautisha, ikisema Salisbury mgogoro bado haujaisha kwa kuwa Uingereza ingali inadai mamlaka yake. Lakini naomba tuitazame picha hiyo bila kupepesa macho: hoja iliyotumiwa kumfunga Mganda wa Buddu ilisafiri hadi kusini kutetea kufungwa kwa Mzimbabwe.

Katikati ya kesi ya Madzimbamuto kulikuwa na kamba ya kunyongea. James Dhlamini na Victor Mlambo walikuwa wamehukumiwa kifo kwa kuuawa kwa Petrus Oberholzer mwaka 1964, na Duly Shadreck kwa mauaji mengine. Malkia aliwabadilishia adhabu. Mahakama ya Beadle ikakataa kuutambua msamaha huo, na tarehe 6 Machi 1968 wote watatu wakanyongwa. Siku chache baadaye wakanyongwa wengine wawili. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lilipopitisha vikwazo kamili mwezi Mei, lilizilaani hukumu hizo. Wizara ya Lardner-Burke ndiyo iliyokuwa na magereza. Mwaka 1975 ilitangaza kwamba tangu hapo haitawaarifu wananchi kuhusu watu wanaonyongwa. Fikirini maana yake kwa mama aliyekuwa na mwana gerezani: hakuna tarehe, hakuna tangazo, hakuna mwili.

Vita vilipopamba moto baada ya Desemba 1972, kila hatua ya jeshi ilitanguliwa na karatasi ya waziri. Faini za pamoja zikawaangukia watu wa kijiji kizima. Wakulima wakahamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vya ulinzi vilivyozungushiwa seng'enge. Mwandishi wa habari Peter Niesewand aliwekwa ndani Februari 1973, akahukumiwa kwa siri miaka 2 na kazi ngumu, na mahakama ya rufani ilipomwachia akawekwa kizuizini upya, kisha akafukuzwa nchini. Mnaona mtindo huo? Mahakama inaachia, wizara inakamata. Mwaka 1975 ikaja sheria ya kinga iliyowalinda askari na maofisa wa serikali dhidi ya mashtaka kwa waliyoyatenda "kwa nia njema", ikirudi nyuma hadi tarehe 1 Desemba 1972. Oktoba mwaka huo mwanasheria Edson Sithole, aliyekwisha kukaa kizuizini miaka mingi, alitekwa nje ya hoteli katikati ya Salisbury, hakuonekana tena mpaka leo.

Haya ndiyo maisha ya kazi ya Desmond Lardner-Burke. Mwaka 1976 akaiachia wizara. Hakuna mahakama iliyomuita kujibu.

Nikifundisha somo hili humweka kando yake mtu mwingine wa zama zilezile, mwanasheria pia, ambaye ninyi mnaosimamia urithi wa ukombozi mna haki ya kumdai kuwa wetu kidogo. Herbert Chitepo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa wakili wa mahakama kuu Rhodesia. Aliporudi nyumbani katikati ya miaka ya 1950, sheria ya ardhi ya kibaguzi haikumruhusu Mwafrika kuwa na ofisi katikati ya Salisbury, ikabidi ibadilishwe ili apate chumba kwenye jengo la mawakili wenzake Wazungu. Akawatetea wanasiasa mahakamani mpaka nafasi ikawa finyu mno. Mwaka 1962 akaja Dar es Salaam, akawa Mkurugenzi wa Mashtaka wa kwanza Mwafrika wa Tanganyika. Akaitumikia nchi yetu hadi 1966, kisha akaenda Lusaka kuongoza ZANU nje ya nchi, na tarehe 18 Machi 1975 akauawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake.

Kwa hiyo kuna kipindi, 1964 hadi 1966, ambapo wakili mmoja kutoka Rhodesia alikuwa Salisbury akisaini hati za kuwafunga watu bila kesi, na wakili mwingine kutoka Rhodesia alikuwa Dar es Salaam akiwapeleka watuhumiwa mahakamani wakasikilizwe. Sijui namna bora ya kumweleza kijana tofauti ya sheria na mabavu yaliyovaa nguo za sheria. Lakini Chitepo aliposoma vitabu vya sheria za Tanganyika alikuta humo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962. Bunge letu lenyewe liliipitisha kabla hatujatimiza mwaka wa uhuru. Ilimpa Rais uwezo wa kumshikilia mtu bila kumfikisha mbele ya hakimu.

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Sisemi kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa Lardner-Burke. Sijasema na sitasema. Tarehe 15 Desemba 1965 Nyerere alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, akijua kwamba mkopo wa pauni milioni 7.5 utaondoka, na ukaondoka kweli. Nchi maskini ilijinyima kwa ajili ya watu waliokuwa Gonakudzingwa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa kwetu. Hata idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa na Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia 1963, na Giovanni Arrighi, aliyefukuzwa huko 1966, alikuja kufundisha chuoni hapohapo. Tuliwapokea waliokataliwa na utawala ule. Najivunia hilo na nawafundisha watoto wajivunie.

Lakini nchi hiyohiyo iliyowapokea ilikuwa na watu wake kizuizini. Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri, alishikiliwa Bara bila kufikishwa mahakamani tangu 1972 hadi 1978. Wapo wengi wasio na jina kubwa kama lake, na familia zao ziko hai. Niwaambieje wanafunzi? Kwamba karatasi ya waziri wa Salisbury ilikuwa dhuluma, na karatasi ya kwetu ilikuwa lazima? Mwanafunzi mwerevu huuliza, na ni haki yake kujibiwa.

Zimbabwe yenyewe imetupa ushahidi wa jinsi chombo kinavyomzidi umri aliyekitumia. Uhuru ulipokuja Aprili 1980, hali ya hatari ya Novemba 1965 haikufutwa. Iliendelezwa hadi Julai 1990, karibu miaka 25 tangu Gibbs aisaini, na miaka 10 kati ya hiyo ilikuwa chini ya bendera ya uhuru. Dumiso Dabengwa na Lookout Masuku, makamanda wa ZIPRA, jeshi la ZAPU, walioipigania nchi hiyo, waliachiwa na mahakama mwaka 1983 katika kesi ya uhaini, wakakamatwa papo hapo na kuwekwa kizuizini kwa kanuni za hali ya hatari. Ni ule ule mtindo wa Niesewand, neno kwa neno. Masuku alitolewa Machi 1986 akiwa mgonjwa mahututi, akafariki mwezi uliofuata. Dabengwa alikaa hadi Desemba. Mwaka 1982 serikali ilitoa kanuni za kinga kwa askari zilizofanana na sheria ya 1975, na askari haohao ndio walioingia Matabeleland, walikoua raia wengi. Ile Sheria ya Kudumisha Utulivu, iliyomfanya Tredgold ajiuzulu 1960, ilidumu mpaka 2002, na iliyochukua nafasi yake haikuwa ya huruma zaidi. Waliozitumia sheria hizi ni watu waliokuwa wamezuiliwa kwa sheria hizi. Hakuna aliyeujua ukatili wake kuliko wao. Walizikuta mezani, wakaona zinafaa.

Ndiyo maana hainitulizi ninapoambiwa kwamba sheria fulani ipo tu vitabuni na haitumiki. Hata ile ya 1960 ilikuwa na siku zake za kutotumika.

Huko huko Zimbabwe kuna pia la kutia moyo. Mwishoni mwa Desemba 2024 adhabu ya kifo ilifutwa, na Rais aliyeitia saini sheria hiyo, Emmerson Mnangagwa, alihukumiwa kunyongwa na mahakama za Rhodesia miaka ya 1960 akanusurika kwa hoja ya umri. Ilichukua zaidi ya miaka 44 ya uhuru. Lakini imewezekana.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Nchi nzima inaikumbuka tume hiyo kwa vyama vingi. Wachache wanakumbuka kwamba ripoti yake ya 1992 ilitaja sheria 40 zinazokandamiza haki na kupendekeza zifutwe au zirekebishwe. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilikuwamo. Nyingine zilikuwa za Mwingereza, zikiwamo za kuhamisha watu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine, tulizozirithi kama Zimbabwe ilivyorithi zake. Tangu hapo zimepita awamu kadhaa za uongozi. Baadhi ya sheria hizo zimeguswa, nyingine mahakama zimezipunguza makali. Mwananchi wa kawaida, hata mwalimu kama mimi anayesoma kwa juhudi, hana karatasi moja rasmi, kwa Kiswahili, inayomwambia kila moja ya zile 40 imefikia wapi.

Mheshimiwa Waziri, hiyo karatasi ndiyo ninayoiomba kwako. Orodha ya sheria zote 40 za Nyalali. Mbele ya kila moja iandikwe kama imefutwa, mwaka gani. Kama imerekebishwa, kifungu gani. Kama ingali kama ilivyokuwa, kwa sababu gani, na nani leo ana uwezo wa kuitumia. Orodha hiyo haihitaji bajeti mpya. Tume ya Kurekebisha Sheria ina wataalamu wanaoweza kuiandaa. Na ile ya 1962 isisubiri orodha. Peleka muswada wa kuifuta. Kwa mtu anayetishia usalama wa taifa tunayo sheria ya ugaidi, tunayo ya uhaini, na tunazo mahakama. Kama ushahidi upo, upelekwe huko ukasikilizwe. Kama haupo, kalamu ya mtu mmoja isiwe badala yake, hata akiwa mwadilifu kiasi gani. Hatumjui atakayeikalia meza hiyo kesho, na Tredgold hakumjua pia.

Kwenu mnaosimamia Programu ya Urithi wa Ukombozi: kazi yenu ya kuhifadhi makambi, makaburi na sauti za wapiganaji naiheshimu kwa dhati. Wazee wa Mgagao na Nachingwea hawatakuwapo milele. Naomba pamoja na bunduki na sare mtafute nafasi ya karatasi. Pawepo hati ya kizuizini, ukurasa wa gazeti la Salisbury wenye nafasi nyeupe, na hukumu ya Julai 1968 ikiwa imefasiriwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Mwekeni Stella Madzimbamuto mahali pake. Hakubeba silaha, alimshitaki waziri na akamshinda kwenye mahakama ya mwisho, na jina lake halimo katika simulizi zetu za ukombozi. Na mwekeni Chitepo wa Dar es Salaam, mwendesha mashtaka, siyo Chitepo wa Lusaka peke yake.

Kwa Taasisi ya Elimu: mada ya mapambano ya ukombozi kusini mwa Afrika tayari imo katika somo la historia. Siombi mada mpya. Naomba ndani ya hiyo iliyopo pawe na saa chache za kusoma jinsi utawala wa walowezi ulivyotumia sheria: nani alisaini, jaji gani alikubali na jaji gani aliondoka, kilitokea nini kwa sheria hizo baada ya bendera kubadilishwa. Mtihani uwaulize watoto hivyo pia, kwa sababu kisichotahiniwa hakifundishwi, nanyi mnalijua hilo kuliko mimi. Wengi wa watoto hawa watakuwa makarani, maofisa wa polisi, mahakimu na mawaziri. Wataletewa karatasi wasaini.

Majibu yenu naomba yawe ya hadharani, kama ilivyo barua hii: kwenye tovuti ya Wizara, na kwa kauli ya Waziri Bungeni katika kikao kijacho cha bajeti. Nakala ya orodha ya sheria 40 itumwe kwenye maktaba za mikoa, ili mwalimu wa Iringa, wa Mtwara na wa Kigoma aweze kuingia nayo darasani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia, Iringa